Programu Ilijikwaa Wapi?

Chukua programu fupi ya lugha ya C, ya aina ile anayopewa mwanafunzi wa kompyuta wa mwaka wa kwanza. Kazi yake ni kutafuta wastani wa alama za wanafunzi kumi. Ndani yake kuna rekodi moja: nafasi kumi za kuwekea alama, zimepangwa mfululizo, na mara tu baada yake nafasi nyingine inayoshika idadi ya wanafunzi. Programu inaandika 10 kwenye idadi, inafuta nafasi za alama zote ziwe sifuri, inasoma alama kutoka kwenye faili, inajumlisha, inagawa kwa idadi, basi. Kompaila imeipitisha bila kunung'unika. Mwanafunzi anaiendesha kwenye Linux, na badala ya wastani anapata mstari mmoja wa Kiingereza unaosema kwamba kumetokea hitilafu katika hesabu za desimali. Programu imekufa.

Anakodoa macho, maana programu yake haina desimali hata moja.

Ujumbe huo umewasumbua wengi. Namba nzima ikigawiwa kwa sifuri, prosesa za Intel na AMD hugoma, na mfumo endeshi huiua programu kwa ishara ambayo tangu enzi za Unix imebeba jina la desimali, hata pale ambapo desimali hazihusiki. Na kuna jambo baya zaidi. Programu hiyohiyo ukiiendesha kwenye simu yenye prosesa ya ARM ya biti 64, haitaanguka kabisa. Huko namba nzima ikigawiwa kwa sifuri jibu ni sifuri, kimya kimya, na mwalimu ataambiwa kwamba wastani wa darasa ni sifuri. Kwa maoni yangu, ile inayoanguka ndiyo yenye heri, kwa sababu angalau imepiga kelele.

Hapa ndipo watu hukimbilia kitatuzi, au diibaga kama vijana wa vyuoni wanavyosema. Kinachojulikana zaidi kwenye Linux ni GDB, ambacho Richard Stallman alikiandika mwaka 1986 katika mradi wa GNU, na mpaka leo ni cha bure. Wenye Mac hutumia LLDB, na wa Windows wana kile kilichomo ndani ya Visual Studio. Wengi huviendea vyombo hivi kwa matumaini ya mgonjwa aliyesikia habari za mganga mpya. Wanadhani kitatuzi kitasoma programu, kitatikisa kichwa, kisha kitawaonyesha kosa kwa kidole. Sivyo. Kitatuzi hakijui ulikusudia nini, kwa hiyo hakiwezi kujua umekosea wapi. Kinachoweza ni kuisimamisha programu ikiwa hai, katikati ya kazi, ili uihoji: uko mstari gani? Umefikaje hapa? Nani kakuita? Idadi ina ngapi sasa hivi? Utajibiwa kila swali, ila hutapata jibu la swali ambalo hukuliuliza.

Na kumhoji huyu shahidi, yaani programu, si rahisi, kwa sababu amesahau lugha uliyomfundisha. Programu za C, C++, Rust au Go hupitia kwanza kwa kompaila, na kinachotoka ni maagizo ya prosesa, namba tupu. Ni kama andazi: likishaiva, huwezi tena kutenga sukari huku na hiliki kule. Lile neno "idadi" ulilolichagua kwa makini halimo tena katika maagizo hayo. Iliyopo ni anwani fulani kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Mstari wako, tuseme wa 23, nao haupo, kuna maagizo manane au tisa ambayo hakuna kinachoonyesha yanatoka mstari gani.

Ndiyo maana kompaila huombwa iache ramani. Kwa GCC na Clang unaongeza alama moja tu katika amri, kistari na herufi g. Ramani hiyo, ambayo mara nyingi huandikwa kwa mtindo uitwao DWARF, inasema maagizo kuanzia anwani hii hadi ile yalitoka mstari wa 23 wa faili fulani, na kitu kinachoitwa idadi ni namba nzima ya baiti nne iliyokaa baiti 40 kutoka mwanzo wa rekodi. Alama kumi za baiti nne kila moja, jumla baiti 40, kisha idadi. Shika hesabu hiyo, tutaihitaji. Bila ramani kitatuzi bado kinafanya kazi, lakini kitakusemesha kwa anwani tupu. Programu zinazouzwa huondolewa ramani hiyo ili ziwe nyepesi na zisitoe siri za kiwandani. Ni sawa, mradi ramani yenyewe ihifadhiwe mahali, na hapo ndipo watu huzembea.

Sasa, programu husimamishwaje? Naomba nilifungue jambo hili polepole, kwa kuwa ni moja ya mbinu za ujanja mno katika ufundi wote huu. Unakiambia kitatuzi kiweke kituo mstari wa 23. Kinatazama ramani, kinapata anwani ya agizo la kwanza la mstari huo. Kisha kinauomba mfumo endeshi ruhusa ya kutia mkono katika kumbukumbu ya programu nyingine. Kwenye Linux mlango wa ruhusa hiyo huitwa ptrace. Kinachomoa baiti ya kwanza ya agizo lile, kinaiweka pembeni, na mahali pake kinaandika baiti yenye thamani 204. Kwa prosesa za ukoo wa Intel, 204 ni agizo kamili linalosema simama na umwite mkubwa. Ni la baiti moja makusudi, kwa sababu yapo maagizo ya kawaida yenye baiti moja tu, na mtego mrefu kuliko agizo ungemharibu jirani yake.

Programu inakuja mbio zake bila habari. Inaikanyaga 204, prosesa inaita mfumo endeshi, mfumo unaigandisha programu na kukiamsha kitatuzi. Nacho kinarudisha baiti ya asili, kinarudisha nyuma kwa baiti moja kielekezi cha agizo linalofuata, kisha kinakwambia: tumefika mstari wa 23, unasemaje? Ukijibu endelea, kinaisukuma programu agizo moja tu, kinaitega tena 204 palepale, kisha kinaiachia. Yote hayo yanafanyika haraka kuliko kupepesa jicho, na anayetazama skrini anadhani programu imesimama kwa hiari yake.

Wazo lenyewe ni kongwe kuliko lugha yoyote ya kompyuta tunayoitumia leo. ENIAC, mashine kubwa ya Philadelphia iliyozinduliwa mwaka 1946, ilipangwa na wanawake sita kwa kuchomeka nyaya na kuweka swichi. Mmoja wao, Betty Holberton, ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wa kituo: unachomoa waya unaobeba ishara ya kwenda hatua inayofuata, mashine inasimama hapo, unasoma namba kwenye taa zake. Huko Cambridge, Uingereza, Maurice Wilkes alisimulia baadaye jinsi ilivyompambazukia mwaka 1949, akiwa kwenye ngazi za jengo lao, kwamba sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki ingeishia katika kutafuta makosa ya programu zake mwenyewe. Mwenzake Stanley Gill akachapisha mwaka 1951 makala ya namna ya kuyatafuta makosa hayo, kwa programu inayoifuatilia programu nyingine hatua kwa hatua. Kisha wakaja watundu wa MIT: kitatuzi cha mashine yao ya TX-0 wakakipa jina la FLIT, dawa ya kupuliza wadudu, na kilichofuata, cha mashine ya PDP-1, wakakiita DDT.

Turudi kwa mwanafunzi wetu. Anaiendesha programu ndani ya GDB, nayo inaanguka kama kawaida, ila safari hii haipotei, imegandishwa palepale ilipoangukia. Anaandika herufi mbili, bt, apate mfuatano wa miito: fanksheni kuu imeita fanksheni ya wastani, na ndani yake tumefia kwenye mstari wa kugawa. Anaandika p na jina la idadi. Jibu: sifuri.

Hapa ndipo pananiudhi, msikilizaji, maana nimewaona wengi wakifunga kitatuzi papo hapo wakiwa na furaha. Wamepata jibu! Idadi ni sifuri, ndiyo maana! Wanarudi kwenye msimbo, wanaongeza sharti kwamba idadi ikiwa sifuri basi rudisha sifuri, wanaiendesha, haianguki, wanakunywa chai. Wameigeuza programu inayopiga kelele kuwa ile ya kwenye simu inayodanganya kimya kimya. Wahenga walisema ukianguka usitazame ulipoangukia, tazama ulipojikwaa, na sijui kama walimwona mtunga programu katika ndoto, lakini hawakukosea. Mfuatano wa miito ni picha ya mahali pa kuanguka. Mstari wa kugawa hauna kosa lolote. Swali halisi ni hili: mtu aliandika 10 kwenye idadi, tumemwona, nani ameigeuza kuwa sifuri?

Kwa swali hilo kuna kifaa kingine, nacho ni ulinzi. Badala ya kusema simama ukifika mstari fulani, unasema simama anwani hii ikiandikwa, popote itakapoandikiwa. Tangu Intel walipotoa 386 mwaka 1985, prosesa za ukoo huo zina rejista nne za kazi hii. Kitatuzi kinaweka anwani ya idadi katika mojawapo, na kuanzia hapo prosesa yenyewe ndiyo inayokesha. Ni nne tu. Ukitaka kulinda vitu vingi zaidi, kitatuzi kitalazimika kuiendesha programu agizo kwa agizo na kukagua kila mara, na programu itatambaa mpaka usahau ulikuwa unatafuta nini.

Basi mwanafunzi anasimama mwanzo wa fanksheni kuu, anaweka ulinzi kwenye idadi, anaendelea. Mara ya kwanza inasimama: thamani ya zamani ni takataka fulani, mpya ni 10. Vyema, hiyo ni halali. Endelea. Inasimama tena: ya zamani 10, mpya 0. Anatazama alipo. Hayupo karibu na mstari wa kugawa, yupo ndani ya ile fanksheni ya kufuta alama, fanksheni ambayo hakuwa na sababu ya kuishuku. Anauliza kihesabio cha kitanzi kina ngapi. Kina 10.

Nafasi za safu katika C huhesabiwa kuanzia sifuri, kwa hiyo nafasi kumi ni sifuri hadi tisa. Nafasi namba 10 haipo. Lakini C haikatazi kuiandika; inazidisha tu, 10 mara baiti nne, baiti 40 kutoka mwanzo wa rekodi, na huko anakaa nani? Idadi. Kitanzi kimefuta alama zote kumi, kikavuka mpaka, kikamfuta na jirani. Sharti lilisema "ndogo kuliko au sawa na 10" mahali pa "ndogo kuliko 10". Kosa lote ni alama moja ya usawa, umbali wa fanksheni mbili kutoka mahali maiti ilipookotwa.

Nisikudanganye kwamba mambo huenda hivi siku zote. Mfano wetu umeandaliwa bila kompaila kuongeza ujanja wake. Ukiiambia ikaze mwendo, kompaila huanza kupangua: inahamisha maagizo, inameza fanksheni ndogo ndani ya kubwa, inafuta vigeu ambavyo inaona haina haja navyo. Unakiuliza kitatuzi kihesabio kina ngapi, nacho kinakujibu kwamba kimeondolewa. Unaamuru hatua moja mbele, mshale unaruka kwenda juu, unarudi chini, mithili ya mlevi anayetafuta mlango wake. Na kwa kuwa C haikumwahidi lolote mtu anayeandika nje ya safu, kompaila iliyokazwa ina ruhusa ya kuzalisha kitu tofauti kabisa na tulichokiona. Kuna makosa yanayotokea kwenye programu iliyokazwa tu, na ukiilegeza uyachunguze, yanatoweka. Jim Gray, aliyekuwa bingwa wa hifadhidata, aliyaandika katika makala yake ya mwaka 1985 kwa jina la utani linalomtaja mwanafizikia Heisenberg, kwa sababu ukiyatazama yanabadilika.

Kwa makosa ya aina hiyo dawa bora niijuayo ni kurekodi. Wahandisi wa Mozilla, waliochoshwa na hitilafu za Firefox zinazojitokeza mara moja katika majaribio mengi, walitengeneza chombo kiitwacho rr na kukitoa kwa umma mwaka 2014. Kinarekodi kila kitu kinachoingia kwenye programu kutoka nje, kisha kinaweza kuirudia safari ileile, agizo kwa agizo, mara nyingi utakavyo. Na kinarudi nyuma. Unaanza kwenye maiti, unaweka ulinzi kwenye idadi, unasema endelea kinyumenyume, na kituo cha kwanza unachofikia ni yule aliyeandika sifuri. Anayetafuta alipojikwaa, sijui angeomba nini zaidi.

Wapo wanaodharau haya yote, na si wajinga. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliandika mwaka 2000 kwamba havipendi vitatuzi, na kwa miaka mingi kiini cha Linux hakikuwa na kitatuzi rasmi ndani yake. Kitatuzi hicho, kgdb, kiliingizwa mwaka 2008. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu aliyezoea kupita hatua kwa hatua huacha kufikiri, huishia kuziba mahali pa kuanguka. Nakubaliana naye nusu. Yule kijana wa sharti la sifuri ni ushahidi wake. Lakini yule kijana angefanya vilevile hata kwa kuchapisha thamani kwenye skrini, njia ambayo wakongwe wengi wanaipenda. Aliyefanya kosa ni yeye aliyeacha kuuliza mapema, na hilo huwezi kukilaumu chombo.

Jambo dogo kabla sijafika ninakokwenda. Programu ikianguka usiku kwenye seva, mfumo endeshi unaweza kuacha faili lenye nakala ya kumbukumbu yake yote ya wakati huo, nalo unaweza kulifungua asubuhi kwa kitatuzi kana kwamba programu ndiyo kwanza imeanguka. Ni msaada mkubwa. Ila ndani ya faili hilo mna kila kilichokuwa mkononi mwa programu: nywila, majina ya wateja, namba za kadi. Nimeona watu wakiliambatisha kwenye barua pepe na kulituma kwa kundi zima.

Nimalizie na safari ya mbali. Tarehe 4 Julai 1997 chombo cha Marekani, Mars Pathfinder, kilitua kwenye sayari ya Mirihi. Baada ya siku chache kompyuta yake ikaanza kujizima na kujiwasha upya, na kila mara kazi za siku zikavurugika. Ishara ya redio kutoka huko ilichukua zaidi ya dakika kumi, kwa hiyo huwezi kukaa na GDB ukibonyeza hatua moja moja. Wahandisi wa maabara ya JPL huko California walikuwa na mashine pacha duniani, na walikuwa wameacha ndani ya programu iliyoruka uwezo wa kurekodi matukio yake, kitu ambacho wengi hukiondoa kabla ya kukabidhi kazi. Waliiendesha ile pacha kwa saa nyingi mpaka ikajizima mbele yao, wakasoma rekodi.

Ilipoangukia ni pale mlinzi wa mfumo alipoona kazi muhimu haijamaliza kwa wakati, akawasha kila kitu upya. Ilipojikwaa ni kwingine: kazi ndogo ya kukusanya habari za hali ya hewa ilikuwa imeshika kufuli ambalo kazi muhimu ililingoja, na kabla haijaliachia, kazi nyingine ya daraja la kati, ya mawasiliano, ikaipokonya prosesa. Mdogo hawezi kumaliza, mkubwa hawezi kuanza. Mfumo endeshi wao, VxWorks, ulikuwa na tiba tayari: anayeshika kufuli apewe kwa muda daraja la anayelingoja. Tiba hiyo ilikuwa imezimwa. Wakatuma badiliko la kuiwasha, na ule ugonjwa wa kujizima ukakoma.

Hitilafu hiyo ilikuwa imewahi kuonekana kabla chombo hakijaondoka duniani, mara chache, katika majaribio. Hakuna aliyeweza kuifanya ijirudie, kwa hiyo iliwekwa kando, na Pathfinder ikaruka nayo mpaka Mirihi.